Waliojenga Wakiwa Njiani

Somo: Yeremia 28 na 29, Mwanzo 23

 

Mnajua neno ambalo limekuwa likirudi katika kila kikao cha wazee tangu mvua za mwaka jana zilipochana turubai la kanisa letu. Wengine wanasema tufyatue matofali, tukate mbao, tununue mabati, tujenge nyumba ya Mungu iliyo imara. Wengine wanasema hapana, kujenga kwa matofali ni kutia sahihi kwamba hatutarudi nyumbani kamwe, na fedha kidogo tuliyo nayo ingetunzwa kwa ajili ya safari. Maneno haya yamekuwa makali. Kuna familia mbili ambazo zilikuwa zikikaa benchi moja, na sasa hazikai. Basi sisi wazee, pamoja na viongozi wa akina mama na vijana wa kwaya, jumla yetu 22, tulikubaliana kwenda kutazama mahali ambapo watu wengine walipata shida hiyohiyo kabla yetu, hapahapa katika nchi hii iliyotupokea.

Mahali penyewe panaitwa Nyabyeya. Ukitoka Hoima unafika Masindi, kisha unashika njia ya magharibi inayopita katikati ya mashamba ya miwa ya Kinyara, hadi unapoona msitu wa Budongo mbele yako, mweusi na mkubwa. Kando ya msitu huo kuna chuo cha misitu. Na karibu na hapo kuna kanisa la Wakatoliki, na makaburi. Mtu asiyejua anaweza kupita akidhani ni parokia kama parokia nyingine. Lakini hapo palikuwa kambi ya wakimbizi, na wakimbizi wenyewe walikuwa Wazungu.

Vijana wetu wengi walikataa kuamini. Mmoja aliuliza kama Mzungu naye anaweza kupanga mstari wa mgao. Jibu ni ndiyo, alipanga, tena hapa Uganda, naye alikuwa na jina katika daftari la kambi kama sisi.

Habari yao ni hii. Mwezi wa tisa mwaka 1939 nchi ya Poland ilivamiwa pande mbili, Wajerumani kutoka magharibi na Warusi kutoka mashariki. Mwaka uliofuata, 1940, askari wa Sovieti walianza kugonga milango ya watu usiku huko mashariki mwa Poland. Familia zilipewa muda mfupi tu wa kufunga mizigo, zikapakiwa katika mabehewa ya kubebea ng'ombe, zikapelekwa Siberia na Kazakhstan kukata miti na kulima kwa nguvu. Wengi walikufa kwa baridi na njaa. Katikati ya mwaka 1941 Wajerumani waliwashambulia Warusi, na mambo yakageuka: Sovieti ikafanya mapatano na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, wafungwa wakafunguliwa. Wakaanza kushuka kusini kwa treni na kwa miguu, wakilifuata jeshi la Poland lililokuwa likiundwa huko. Mwaka 1942 zaidi ya watu 100,000, askari na raia, walihamishwa kwenda Iran, wengi wao wakivuka Bahari ya Kaspi katika meli zilizojaa kupita kiasi, wakashukia bandari ya Pahlevi. Huko ufukweni wakafa wengine wengi, kwa homa ya matumbo, kwa kuhara damu, na kwa udhaifu wa njaa ya muda mrefu.

Tulipofika sehemu hii ya habari, mama mmoja wa kikundi chetu alinyamaza kabisa, akatazama chini. Yeye ni wa wale waliovuka Ziwa Albert kutoka Tchomia mwanzoni mwa mwaka 2018. Mnakumbuka mitumbwi ile, na mnakumbuka kipindupindu kilichotungoja ng'ambo ya ziwa. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia Bahari ya Kaspi.

Waliopona walitawanywa. Wanaume wenye nguvu waliingia vitani. Wanawake, watoto, wazee na mayatima walipelekwa India, Mexico, New Zealand, na sehemu kubwa wakaletwa Afrika, katika makoloni ya Waingereza. Tanganyika walikuwa na kambi kubwa ya Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000, na nyingine ndogo kama Ifunda na Kidugala. Hapa Uganda zilikuwa mbili, Koja kando ya Ziwa Victoria, na hii ya Nyabyeya. Zote mbili pamoja zilikaliwa na watu karibu 7,000. Walikaa katika nyumba za udongo na nyasi. Walilima bustani, walifungua shule za lugha yao, waliugua malaria, walizaa, walizika.

Tuseme ukweli, maana hatukwenda kule kutunga hadithi tamu. Uhamisho wao haukuwa sawa na wetu kwa kila jambo. Walikuwa Wazungu katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu, na sheria za ukoloni ziliwaweka juu ya mwenyeji. Nyumba zile walizokuta zimesimama zilijengwa na mikono ya Waafrika, na Waafrika hao hawakuulizwa kama wanataka wageni. Vibarua walikata miti, walipasua kuni, na majina yao hayakuandikwa popote tulipotazama. Tunalisema hili kwa sababu sisi pia tunaishi juu ya ardhi ya wenyeji waliotupisha, na ni rahisi mgeni kusimulia mateso yake mpaka akamsahau aliyemkaribisha.

Lakini kanisa lipo. Ndilo tulilokwenda kuliona. Wakiwa wakimbizi, wasio na nchi, wasiojua kesho, walijenga kanisa la kudumu, wakaliweka chini ya jina la Maria Malkia wa Poland. Vita vilikwisha mwaka 1945, wao wakaondoka kidogo kidogo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 kambi za Uganda zilikuwa zimefungwa. Nyumba za nyasi zilioza, kama nyasi inavyooza. Kanisa halikuoza. Wenyeji wa Nyabyeya wanaabudu humo hadi leo. Sisi si Wakatoliki, na mnajua tunapotofautiana nao, lakini tulivua kofia, tukaingia, tukaomba.

Ukutani kuna maandishi ya waliojenga. Yanawataja kuwa ni watu wa Poland walio uhamishoni, waliojenga wakiwa njiani kuelekea nchi yao iliyo huru. Wapendwa, tulisimama mbele ya maneno hayo muda mrefu. Wale ndugu zetu wanaobishana kanisani, huyu anasema tujenge, huyu anasema tunarudi, wote wawili wameandikwa katika ukuta mmoja. Waliojenga jengo lile la kudumu hawakuandika kwamba sasa wamekuwa watu wa Masindi. Waliandika kwamba wako njiani. Na kuwa njiani hakukuwazuia kuchanganya chokaa.

Ndivyo ilivyo barua ya Yeremia kwa watu waliochukuliwa Babeli. Someni sura ya 29 yote nyumbani, msisome ule mstari mmoja tu ambao tumezoea kuuandika katika kadi za harusi. Nabii anawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, na zaidi ya hayo wautakie amani mji ule waliopelekwa na kuuombea kwa Bwana. Mji wa adui! Kisha anawaambia muda: miaka 70. Fanyeni hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 30 siku barua inasomwa hakutarajiwa kuona Yerusalemu tena. Mungu aliandika barua ya matumaini kwa watu ambao wengi wao wangefia Babeli, naye alijua hivyo, wala hakuwaficha.

Sasa rudini nyuma sura moja, ya 28. Hapo yumo nabii mwingine, Hanania. Yeye alisema miaka 2 tu! Vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, wote watarudi. Akachukua nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia akaivunja mbele ya watu. Fikirini jinsi watu walivyopiga makofi siku ile. Na Yeremia alijibu nini? Neno lake la kwanza lilikuwa Amina. Alitamani Hanania awe amesema kweli. Yeye pia alipenda nyumbani. Lakini Bwana hakuwa amemtuma Hanania, na mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Akina Hanania hawajaisha. Wamo katika makazi haya. Mwaka uliopita alipita mmoja, jina lake hatulitaji, aliyetabiri kwamba familia zitakazofunga siku 21 na kutoa sadaka ya ndege zitaitwa kwenda ng'ambo kabla ya Krismasi. Kuna watu waliouza mbuzi wote. Kuna baba aliyekataa kulima msimu mzima, kwa kuwa hakutaka kuacha mihogo shambani siku ya kuitwa. Krismasi ilipita. Mihogo haikuwepo, na mgao wa chakula, ambao umekuwa ukipunguzwa tangu mwaka 2020, haukutosha nyumba ile hata wiki mbili. Watoto wake walikula kwa majirani. Hatuwacheki waliodanganywa, mwenye kiu hukimbilia hata maji ya mangati. Lakini tunawaambia waziwazi: anayekutabiria tarehe ya ndege na kukuomba fedha si mtumishi wa Mungu. Safari za ng'ambo huamuliwa katika ofisi za serikali na za shirika la wakimbizi, wala haziuzwi.

Tuliuliza pia ilikuwaje mwisho wa watu wa Nyabyeya, kama walifika kule walikoandika ukutani. Hapa moyo ulitushuka. Mwezi wa pili mwaka 1945 wakuu watatu wa dunia walikutana Yalta, na sehemu ya mashariki ya Poland, ambayo ndiyo wengi wa wakimbizi hawa walitoka, ikaachwa mikononi mwa Sovieti. Kijiji kilikuwepo, lakini hakikuwa tena ndani ya nchi yao. Mwezi wa saba mwaka huohuo Uingereza ikaacha kuitambua serikali yao ya London. Wengine walirudi Poland mpya. Wengi hawakurudi. Walikwenda Uingereza kuungana na waume na kaka waliokuwa jeshini, wengine Australia, wengine Kanada. Katika kambi nyingi za nyakati zile wazee, wagonjwa na wajane wenye watoto wadogo ndio waliochelewa kuchukuliwa, maana kila nchi ilitafuta mikono yenye nguvu. Mnaona kwamba na hili si jipya. Poland yenyewe ilipata uhuru wake mwaka 1989. Mtoto aliyetolewa kwao mwaka 1940 akiwa na miaka 8 alikuwa na miaka 57.

Je, Mungu aliwadanganya? Kijana mmoja wa kwaya aliuliza hivyo ndani ya gari tukirudi, na hatukumkemea, kwa kuwa ni swali la haki. Tuliongea naye mpaka Hoima. Danieli alifungua dirisha lake kuelekea Yerusalemu akaomba mara tatu kila siku, na hatusomi popote kwamba alirudi. Kesho yake asubuhi alikwenda kazini katika ofisi ya mfalme wa kigeni. Dirisha lile halikuwa tiketi. Lilimlinda asigeuke Mbabeli moyoni, na kazi ile ilimlinda asife akiwa amekunja mikono. Waliorudi ni wengine, watoto na wajukuu, ambao wasingejua njia ya kurudi kama babu zao wasingekuwa na dirisha, na wasingezaliwa kabisa kama babu zao wasingejenga nyumba. Hatusemi kwamba hili linafuta uchungu. Mtu anaitaka ardhi yake mwenyewe, ng'ombe wake, kaburi la mama yake. Tunasema tu kwamba ahadi ya Mungu ni ndefu kuliko maisha ya mtu mmoja, na mwenye kuipokea inabidi ajifunze kuishi ndani ya kitu kirefu.

Tukaenda makaburini. Hapo ndipo tulipokaa zaidi, na hapo ndipo ziara yetu ilipobadilika. Makaburi ya Wapolandi yametunzwa. Watu wa nchi yao hawakuyasahau. Wametengeneza mahali pale baada ya miongo mingi. Fikirini umbali, kutoka Ulaya hadi ukingo wa Budongo, kwa ajili ya marehemu ambao pengine hawana ndugu aliye hai.

Tulifungua Mwanzo 23 tukasoma tukiwa tumesimama pale. Ibrahimu aliahidiwa nchi yote, lakini Sara alipokufa hakuwa na hata hatua moja ya ardhi ya kumzika. Akasimama mbele ya wana wa Hethi, akajitaja kuwa mgeni kati yao, akaomba kaburi. Efroni alimwambia alichukue bure, na Ibrahimu hakutaka. Akapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi langoni, akanunua shamba la Makpela na pango lililomo. Katika nchi yote ya ahadi, hicho ndicho kipande alichomiliki siku aliyokufa, mahali pa kuzikia. Baadaye Isaka na Rebeka wakazikwa hapo, na Lea. Yakobo, akiwa Misri, akawaagiza watoto wake wamrudishe hapohapo. Wana wa Ibrahimu walipopoteza njia, kaburi lilikuwa linajua njia.

Sisi viwanja tulivyopewa ni vya kukaa na kulima, si vya kuuza wala kununua, kwa hiyo Makpela yetu hatuwezi kuinunua. Lakini tunao wafu. Kule nyuma ya kisima cha pili wamelala watu wetu, waliofika wakiwa wagonjwa, watoto wa ule mwaka wa kipindupindu, wazee waliotuomba tuwarudishe siku ya amani ikija. Ni lini mara ya mwisho mlipita huko? Nyasi zimefunika. Misalaba ya miti imeliwa na mchwa. Mbuzi wanalisha juu yao. Tunabishana juu ya kurudi nyumbani, na hao ambao tuliapa kurudi nao hatujui tena ni nani amelala wapi. Yusufu alizikwa mara ya mwisho Shekemu, miaka mingi mno baada ya kufa kwake, kwa sababu kuna watu waliojua mifupa yake iko wapi.

Kuhusu jengo, kikao cha wazee kimekubaliana hivi. Tutafyatua matofali kiangazi hiki, na juu ya mlango tutaandika tumetoka wapi na kwamba tuko safarini, ili wenyeji watakaolirithi jengo hili siku tukiondoka wajue ni nani waliolijenga. Tumeongea pia na mwenyekiti wa kijiji cha wenyeji, maana mtu hajengi katika uwanja wa mwenzake bila kupiga hodi, naye amefurahi na ameahidi mchanga. Zile familia mbili tunaziomba zikae benchi moja Jumapili ijayo. Wala hatuhitaji maelezo ya nani alianza.

Lakini kabla ya tofali la kwanza, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa moja asubuhi, tutakutana makaburini. Mwenye panga aje na panga, mwenye jembe aje na jembe. Vijana wa kwaya watakata miti ya misalaba. Kila familia ilete kwa karani wa kanisa majina ya wafu wake waliozikwa hapa, pamoja na kijiji walikotoka na mwaka waliolala. Asiyejua kuandika aje aseme, karani ataandika. Na kama kuna kaburi unalolijua ambalo mwenye nalo amehamishwa au amekufa, tafadhali njoo ulionyeshe, usingoje mwingine. Majina yataandikwa katika vitabu viwili. Kimoja kitakaa hapa kanisani. Cha pili kitabebwa na wa kwanza kati yetu atakayerudi.